Shikamoo ya Mzee Albano

Kwenye benchi la Mwishehe pale Mtoni, hakuna aliyewahi kushindwa kwa hoja. Watu hunyamaza tu kahawa ikiwa ya moto mno. Jioni hiyo walikuwepo wa siku zote: Mwishehe muuza kahawa na birika lake, Suhaib fundi tairi waliyempachika jina la Profesa, na Brightson mlinzi wa geti, anayeitwa Jenerali ingawa silaha yake ni rungu tu. Gozbert alikuwa kajiinamia, anatazama viatu vyake vipya vinavyong'aa. Juzijuzi tu alipandishwa kuwa msimamizi wa wabeba mizigo kwenye ghala moja la Kurasini, na cheo kilishaanza kumkaba roho.

— Sema basi, Gozi, — Mwishehe alimmiminia kahawa. — Umekaa kama umefiwa.

— Meneja kaniambia nipunguze mtu. Kesho asubuhi anataka jina.

— Si unampa la asiyebeba? — Profesa alidakia.

— Ndo huyohuyo sasa. Kuna mzee wetu, Albano. Mgongo umemkatalia. Leo nimewaona: vijana wanabeba magunia, yeye kasimama pembeni anawaitia tu, "Haya, inua!" Kumbe fungu lake wanagawana wenyewe. Siku zote wanamfichia.

— Kwa hiyo ishu iko wapi?

— Ishu ni kwamba yeye ndo alonipokea kazini. Siku ya kwanza mabega yalinichubuka, akavua shati lake, akalikunja, akaniwekea begani.

Kisha Profesa akakohoa, na anapokohoa hivyo ujue elimu inakuja.

— Tatizo lako huruma. Huruma inaingilia machoni. Vaa miwani myeusi, kwisha kazi!

— Miwani haitoshi, — Jenerali akapinga. — Asicheke kabisa! Lindoni kwetu kulikuwaga na bosi anacheka na kila mtu. Presha ikamwondoa.

— Presha au chumvi? — Mwishehe aliuliza.

— Kicheko, Mwishehe! Kinatanua moyo. Moyo ukitanuka, cheo kinakosa pa kukaa.

— Sayansi hiyo! — Profesa alipiga paja. — Na mie naongezea: bosi asimwamkie mtu. Ukishampa mtu shikamoo, utamfukuzaje? Mdomo wenyewe unagoma.

Wote wakacheka isipokuwa Gozbert. Hilo lilimchoma. Asubuhi yake ya kwanza ya usimamizi alisita getini, hajui bosi anamwamkiaje mbeba mizigo, na mzee Albano akamwahi: "Habari za asubuhi, bosi." Tangu siku hiyo shikamoo yake alikuwa anaimeza, na kila akiimeza aliona aibu.

Wakati huo mzee mmoja alivuka barabara taratibu, mkono kiunoni. Gozbert alimtambua kabla hajafika.

— Karibu, mzee wangu, — Mwishehe alisema.

Mzee Albano hakukaa.

— Samahani, bosi. Nimesikia kuna kupunguzwa. Nikaona nisikusumbue kule mbele ya vijana. Kesho nije?

Profesa alichungulia kikombe chake. Jenerali akaanza kufuta rungu ambalo halikuwa na vumbi. Mwishehe alitikisa birika, lilikuwa tupu.

Gozbert aliinuka, akampisha mzee kwenye benchi. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Akampa kwa mikono miwili, na goti likainama lenyewe.

— Shikamoo, mzee Albano.

Mzee alimtazama. Machozi yakamlenga, wala hakuyaficha.

— Marahaba, baba. Marahaba sana.

— Kesho uje.

— Na meneja je? — Profesa alishtuka. — Gozi, unajua unachofanya?

— Nitamwambia hapungui mtu. Fungu la mzee nitabeba mie. Akikataa, aandike jina langu.

Mzee Albano alikunywa kahawa polepole hadi ikaisha, akamrudishia Mwishehe kikombe. Kisha akaviangalia vile viatu vinavyong'aa, akatikisa kichwa na kutabasamu.

— Basi kesho vaa raba, mwanangu. Hivyo vitateleza na gunia. Mie nitakuitia.