Kwikwi ya Alfajiri

Benchi liko nje ya duka la Fundi, na cherehani iko mlangoni ili apate mwanga pamoja na maneno ya watu. Asubuhi ile alikuwa anafumua mfuko wa suruali aliouziba mdomo kwa mawazo. Mkewe alikwenda kumuuguza mama yake mzazi tangu kabla ya mvua, na nyumba ilikuwa imepoa kama jiko la jana. Alfajiri Fundi alimpigia simu mkewe, akamwambia ameunguza uji tena. Upande wa pili akasikia kwi, kwi, kwi, kisha simu ikakatika. Wenzake wa kila siku walipoketi benchini na kahawa ikamiminwa, uvumilivu ukamwishia.

— Jamani, kwikwi ni kucheka au kulia?

— Kucheka! alidakia Kibiriti, dereva wa teksi asiyekawia kuwaka. Kicheko cha chinichini, cha mtu mwenye adabu zake.

— Nani kakudanganya? Mzee Hoja, mwalimu mstaafu, akatua kikombe. Kwikwi ni ya kilio. Asili yake ndege. Alifiwa na mwenzake, basi akawa analia hivyo mtini.

— Ndege gani huyo?

— Wa zamani. Wameisha.

— Mzee, acha kamba! Kibiriti akawaka. Neno lilitokana na tonge. Mtu kacheka huku anakula, likamkwama. Ndiyo maana wahenga wakasema, mchelea mwana hulia mwenyewe.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Si kuna kulia ndani yake?

Wakaangua kicheko, isipokuwa Fundi. Alikuwa anamwona mkewe akijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika, kila yeye alipoimba huku anapiga pasi. Lakini mabega yaleyale aliyaona yakitikisika siku walipomzika baba mkwe. Ukiwa nyuma yake, usingejua lipi ni lipi. Na simu haina mabega.

Mama mmoja aliyeleta gauni lipunguzwe alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Mwenyewe mmemuuliza?

Mzee Hoja akakohoa. Kibiriti akachungulia birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Fundi akapiga simu.

— Mke wangu, ile alfajiri ulikuwa unacheka au unalia?



— Nilianza kwa kucheka, mume wangu. Halafu nikawaza, huo uji unakunywa na nani?

Fundi akaiingiza cherehani ndani, akavuta mlango.

— Gauni lako nitalimaliza nikirudi, dada, utaniwia radhi. Kibiriti, washa gari. Nipeleke stendi.