Mkia wa Herufi ya Mwisho

Wafiwa, majirani, na ninyi mliokuja kuhakikisha kama kweli ameondoka, maana hospitalini alishatuaga mara mbili akarudi kudai chai, tulieni kidogo.

Marehemu, mchora mabango ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, nyuma ya duka la cherehani la mama yake, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1968 hadi 1974, ambako alichapwa kwa kung'ang'ania chaki ya mwalimu, kumbe vidole vilikaza vikagoma kuachia.

Mwaka 1979 alianza kuchora mabango ya maduka, na kwa kuwa mkono ulichelewa kuachia brashi, kila herufi ya mwisho ilitoka na mkia mrefu, wateja wakadhani ni mtindo, wakawa wanamwambia, "Gundi, na mimi nitilie mkia, usinibanie."

Tarehe 13 Agosti 1988 alifunga ndoa na mpishi wa shule, ambaye siku ya kwanza alipopewa mkono hakuachiwa, akajua amependwa kupita kiasi, wakajaliwa mvulana na binti.

Mwaka 2009 kichwani viliota vinundu vigumu, vikakatwa, vikaota vingine, macho yakaingia ukungu mapema, moyo ukaanza kupiga kwa kusitasita, hadi daktari mmoja alipoyaunganisha yote, pamoja na vile vidole visivyoachia, akasema ni ugonjwa wa kurithi wa misuli, ambao wenye nao huota uvimbe kwa urahisi kuliko wengine. Mwaka jana uvimbe ulitokea kwenye tezi ya shingo, safari hii ukiwa saratani, na baada ya kupasuliwa, misuli ya kifua ilishindwa kuvuta pumzi, akafariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024.

Jana wakubwa wa familia walitaka hapa pasomwe "kuugua kwa muda mfupi", wakihofia binti hataposwa, lakini binti mwenyewe, ambaye chini ya nywele ana vinundu vilevile, alisema, "Baba mdogo, ukisoma hivyo nakunyang'anya karatasi, wenye damu hii wajue kabla hawajalazwa kwenye meza ya upasuaji." Basi, jina la ugonjwa limesomwa. Alhamisi anakwenda kupimwa moyo, na mdogo wa marehemu anayesoma hapa, ambaye tangu jana anakunja ngumi na kuikunjua hata akiwa anakula, ataandamana naye, na ninyi ndugu wa benchi la mbele, gari lina nafasi, msijifanye kutazama viatu.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliopika, na wachoraji wenzake waliomalizia mabango yake bila kusahau mikia.

Pumzika kwa amani, kaka, wasiwasi tumebaki nao sisi.