Marehemu Šime Ragužin na Bahasha Aliyoitunzia Mkuu

Marehemu Šime Ragužin, mnayemwona hapo kalala na kola ngumu kama anasubiri kuitwa ofisini, alizaliwa tarehe 3 Februari 1861 hapa hapa kisiwani Lošinj, mtoto wa tatu wa nahodha Ante na mama Lucija, na wa nne ndiye mimi dada yake Mare ninayewasomea, basi nikikosea tarehe nong'onezaneni wenyewe kama mlivyozoea.

Mwaka 1875 aliingia shule ya mabaharia, akamaliza Juni 1880 akiwa wa kwanza, ila siku ya kupimwa macho taa nyekundu akaiita ya kijani, mbele ya watu, darasa zima likaangua kicheko, na baba akalala bila kula, maana kwetu mwanamume asiyeongoza meli ni chungu kisicho na kitako.

Tarehe 1 Machi 1881 aliajiriwa karani kule Trieste, katika ofisi ya bahari ya Kaizari wa Vienna, akipanga mitihani ya maafisa wa meli wa dola nzima na barua za uteuzi wa wakuu wa bandari, kila karatasi ya mtihani akiifunga kwa lakiri, mihuri mitano, ili Zadar, Dubrovnik, Kotor, hata kwa balozi kule Aleksandria, bahasha zipasuliwe siku moja, saa tatu kamili asubuhi, na muhuri mmoja ukiwa na ufa mtihani unafutwa, na katika miaka thelathini haukufutwa hata mmoja. Nyie manahodha mnaotamba hapo mbele na masharubu yenu, wote mmepita mkononi mwake, wengine mlipita mara tatu, nyamazeni tu.

Agosti 1895 alimchumbia Tonka Budinić, wifi yangu huyu, akiwa na miaka ishirini na minane na kiuno cha nyigu, na Oktoba mkuu wake akafa, Šime akawekwa kaimu, tukachinja kondoo, tukajua kufika Pasaka tuna cheo na tuna harusi. Sasa sikieni balaa la ofisi ile, mtumishi haoi bila kibali chenye saini ya mkuu, na mtu haruhusiwi kushughulikia jambo lake mwenyewe, barua inayomhusu anamwekea mkuu bila kuifungua. Basi Šime akawasainia wenzake tisa wakaoa, chake akakitia kwenye droo kumngoja mkuu, na kiti cha mkuu ki wazi, anayekikaimu ni yeye.

Tonka alikuwa akimuuliza, "We Šime, huyo mkuu anatoka Vienna kwa kutambaa?" naye akijibu, "Subira, Tonka, taratibu ni taratibu." Nikamwambia, "Kaka, si utie saini tu, nani atajua?" Akasema, "Nitajua mimi." Miaka kumi na mmoja, jamani, nondo wakamaliza shuka za harusi.

Mei 1907 mkuu akaletwa, kijana ambaye Šime mwenyewe alimfungia mtihani, akavuta droo, akakuta bahasha iliyotoka Vienna tarehe 9 Machi 1896 yenye jina la Šime, mihuri yote mizima. Jumapili ile Šime alitusimulia mezani, sardini zikipoa, kwamba kijana aliisoma akamuuliza, "Bwana Ragužin, kwa nini uliukataa ukuu?"

"Ukuu upi, mheshimiwa?"

"Huu hapa. Vienna walingoja jibu, wakaona kimya, wakasema basi hautaki, abaki kaimu."

"Ilikuwa inanihusu, mheshimiwa. Ilikuwa ya kufunguliwa na mkuu."

Kijana alicheka mpaka akashika meza, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka machozi, hadi nikamwona Tonka ameinuka anatoa sahani ambazo hazijaliwa.

Walifunga ndoa tarehe 12 Januari 1908, kibali kikasainiwa na kijana yule yule, bibi harusi ana miaka arobaini na mmoja, na kwenye watoto, ambapo kwa marehemu wengine huwa tunasoma mpaka koo linakauka, hapa hakuna jina.

Novemba 1911 alianza kuumwa kifua, na tarehe 17 Machi 1912 akakata roho, saa tatu kamili asubuhi, hata hapo hakuchelewa.

Familia inamshukuru daktari Petrina, aliyepanda ngazi zile na mguu wake mbovu, inawashukuru majirani mlioleta supu mkaondoka na habari, na nyie wa ofisini asanteni kwa shada, utepe tumeusoma, "Kwa karani wetu mtiifu," tumeuelewa.

Barua ile ya Vienna Tonka ameitia mfukoni mwa koti la marehemu. Kaka, huko mlangoni peponi wakikupa bahasha yenye jina lako, usimtafute mkubwa, ipasue hapo hapo, uingie ukapumzike kwa amani.