Nani Anampikia Twalibu?

Benchi letu lipo Kibiti, ukingoni mwa barabara ya kwenda Lindi, kati ya kibanda changu cha kunyolea na banda la pancha la Twalibu. Ni ubao mnene wa mninga uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na ukikaa vibaya unakufinya. Kila siku baada ya swala ya alasiri Iddy anatua hapo na birika lake la kahawa na sinia la kashata, na sisi tunatua pamoja naye: Sadallah, bwana shamba mstaafu, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kukosa jibu, Mustapha wa bodaboda, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, mimi Swalehe kinyozi, na Twalibu mwenyewe, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Semi, maana akija linatangulia tumbo, halafu ndiyo linafuata tela. Alikuwa na kilo mia moja thelathini na moja. Tuna hakika, kwa sababu tulimpima sisi, kwenye mizani ya ghala la korosho.

Mambo yalianza hivi. Twalibu alikuwa na sukari na presha, na magoti yake yalikuwa yamegoma. Sasa fundi pancha asiyeweza kuchuchumaa ni fundi gani? Alikuwa akiziba matairi amekaa juu ya kreti la soda, na msikitini akiswali kwenye kiti. Binti yake Hadija, anayefanya kazi Dodoma, akamwandikisha kwenye kliniki moja ya kwenye simu. Daktari unamwona kwenye kioo, anakuhoji, unakwenda kupima hospitali ya karibu, na akiona unafaa, dawa inakuja kwa basi. Dawa yenyewe ni sindano ya kupunguza mwili, mara moja kwa wiki.

Siku ya miadi mtandao nyumbani kwake uligoma kabisa. Akaja benchini kavaa kanzu ya Idi, kajipulizia manukato.

— Jamani, naomba mniachie benchi nusu saa.

— Unaposa? akauliza Redio.

— Naongea na daktari. Ni mambo ya siri.

— Basi tutasikiliza kwa siri, akasema Profesa, akasogea karibu zaidi.

Simu ikaita. Kwenye kioo akatokea binti wa miwani, mpole, anaitwa Daktari Muzdalifa.

— Baba, shikamoo. Uzito wako ni kilo ngapi?

— Marahaba. Tisini na kitu.

Iddy alipaliwa na kahawa yake mwenyewe.

— Daktari, akasema Redio akichomeka kichwa kwenye kioo, hicho kitu ni arobaini na moja.

— Na wewe ni nani?

— Ndugu yake.

— Chakula cha usiku unakula nini, baba?

— Kidogo tu. Wali kidogo, samaki kidogo.

— Sufuria kidogo, nikasema mimi, kwa sababu dhamiri ilinisuta.

Daktari alicheka, lakini hakuacha kuandika. Aliuliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliwahi kuugua saratani ya tezi ya shingoni, kama kongosho limewahi kumsumbua, dawa gani za presha anameza. Akasema akapime sukari na figo kwanza, hatoi sindano kwa macho.

Hapo benchi likashindwa kujizuia.

— Dawa hiyo naijua, akasema Profesa. Inatoka kwa mamba. Nyie mmewahi kumwona mamba wa Rufiji akila kila siku? Anameza nguruwe mwitu leo, anakaa juani miezi miwili hana habari. Wazungu wamekaa chini, wamemchunguza.

— Kuna mtu Ikwiriri alichoma, akasema Redio. Alipungua mpaka mbwa wake mwenyewe akambwekea.

— Mimi nimeambiwa ukizidisha unapungua mpaka umri, akasema Iddy. Unajikuta unatafutwa na mwalimu wa darasa la tatu.

— Wazee wangu, daktari akasema kutoka ndani ya simu, hakuna mamba na hakuna darasa la tatu. Inafanya tumbo lichelewe kumaliza chakula, na kichwa kiridhike mapema. Mwanzoni anaweza kusikia kichefuchefu. Kwa hiyo nataka kujua, baba, nyumbani nani atakuangalia? Mama anajua?

Twalibu akaipangusa simu kwa pindo la kanzu ingawa haikuwa na vumbi.

— Hajui. Na asijue.

— Kwa nini?

— Ni mambo yangu tu, mwanangu.

— Lakini lazima awepo mtu.

Tulinyoosha mikono wote wanne. Daktari alitutazama mmoja mmoja, akashusha pumzi, akaandika majina yetu. Ndivyo tulivyogeuka walezi wa mtu mzima.

Vipimo vikaruhusu. Dawa ikaja kwa basi kutoka Dar, ndani ya kiboksi cheupe chenye barafu: vikalamu vya sindano, vidogo kama vya mwanafunzi. Twalibu hana friji, tukaviweka kwenye friji ya Salama, anayeuza juisi ya ukwaju jirani yangu. Nesi Warda alikuja kumfundisha, nyuma ya pazia la kibanda changu. Twalibu alifumba macho, akaanza Ayatul Kursiyu, akaisoma mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti nyembamba:

— Haya, nesi, choma.

— Nilimaliza ulipokuwa kwenye bismillahi, akasema Warda.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Kichefuchefu kilimkaba, hata harufu ya kashata ilimfanya ageuze uso, na Iddy alinuna kana kwamba katukanwa. Daktari alikuwa anapiga kila Jumamosi kumuuliza hali, akamwambia ale kidogo kidogo, anywe maji, asikimbilie kuongeza dozi. Ikapita. Mwezi wa tatu Twalibu alikuwa ametoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda, na sukari ilikuwa imeshuka mpaka nesi akarudia kipimo. Sisi walezi tulitembea mjini vifua mbele, utadhani tumepungua sisi.

Hatukujua kwamba nyumbani kwa Twalibu moto ulikuwa unawaka.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Twalibu alikuwa bandani kwake anavua tairi la Noah. Tukamwona Mwanamina, mke wake, anavuka barabara, kilemba kimekazwa, mkono mmoja uko ndani ya khanga. Hakusalimia. Mwanamina hajawahi kuacha kusalimia.

— Nani anampikia mume wangu? akauliza.

Tukatazamana.

— Shemeji, karibu kahawa, akasema Iddy.

— Sikuja kunywa. Napika wali wa nazi, anakula vijiko viwili. Napika kitoga wa kukaanga, samaki aliyekuwa akimmaliza na miba, ananusa, anasema ameshiba. Ameshiba wapi? Mwili unapungua, nguo zinampwaya, anajipulizia manukato. Sasa nauliza, na mimi sina haraka. Nani anampikia?

— Amefunga, shemeji, akasema Redio. Analipa siku za Ramadhani.

— Ramadhani alifunga zote thelathini. Daku nilimpikia mimi.

— Sababu ni salfa, akaingilia Profesa na sauti ya ofisini. Ile ya kupulizia mikorosho. Mwaka huu imepulizwa nyingi mno, upepo unaileta mjini, inaziba hamu ya kula.

— Mbona wewe haijakuziba? Kashata ya ngapi hiyo?

Profesa akaificha kashata mgongoni.

— Ukweli ni kwamba anafanya mazoezi, nikasema mimi, na mpaka leo sijui nilikuwa nawaza nini. Tuna timu ya wazee.

— Anacheza namba gani?

— Golikipa, nikasema.

— Winga, akasema Redio wakati huohuo.

Mwanamina alitutazama kwa zamu. Iddy akaona jahazi linazama, akajitosa.

— Shemeji, tusikufiche. Ana jini. Limempanda kule bondeni Rufiji. Ni jini lisilopenda wali.

— Linapenda nini?

— Kahawa.

Mwanamina akatoa mkono ndani ya khanga. Mkononi alikuwa na kile kiboksi cheupe. Akakiweka katikati ya benchi, polepole, kama anayeweka yai.

— Nimekwenda kwa Salama kununua juisi. Kafungua friji, nimeona jina la mume wangu. Salama badala ya kunijibu kaanza kukohoa. Na kuna mwanamke anampigia kila Jumamosi. Nimemsikia kwa masikio yangu: “Umelalaje? Tumbo linaendeleaje?” Mwanamke gani anauliza habari za tumbo la mume wangu?

— Huyo ni daktari, akasema Redio.

— Daktari anayekaa wapi?

— Ndani ya simu, akasema Redio, na ukweli wenyewe ulisikika uongo kuliko jini.

Sauti ya chuma ikakatika kule bandani. Twalibu akaja anapangusa mikono kwa tambara. Alikiona kile kiboksi, akaelewa. Hakukaa. Alisimama mbele ya mkewe kama mwanafunzi aliyechelewa.

— Mama Hadija, hawa waache. Ni mimi niliyewaomba.

— Hii ni nini, Baba Hadija? Unaumwa? Niambie kama unaumwa.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ndipo nilipojua kwamba hakuvuka barabara kwa ajili ya wivu peke yake. Alikuwa ameona sindano na barafu, na alikuwa anaogopa.

— Siumwi zaidi ya unavyojua. Ni dawa ya kupunguza mwili. Na sukari pia inaisaidia. Hadija ndiye aliyeitafuta.

— Sasa hilo ndilo la kunificha? Nimekucheka lini mwili wako, mimi?

— Hujanicheka.

— Basi?

Twalibu alitazama barabarani. Basi la Lindi lilipita, akasubiri lipite.

— Unakumbuka mwaka wa mafuriko, akasema. Tuko bondeni, juu ya dungu la kulindia mpunga, mimi, wewe na jirani yetu Mwanasiti na mwanawe, maji yanapanda. Mtumbwi ukaja. Yule mwenye mtumbwi alinitazama mara moja, akatazama maji. Hakusema neno. Nikajua. Nikipanda mimi, mmoja wenu anabaki. Nikakwambia nendeni, mimi nabaki kulinda mbegu. Nimekaa juu ya dungu mpaka mtumbwi uliponirudia karibu na magharibi, maji yakinilamba miguu. Sikuogopa kufa, Mama Hadija. Niliona aibu. Nikasema nikitoka hapa, siku nyingine mtumbwi ukija, sitaki mtu atazame maji kwa ajili yangu. Sikutaka ujue kwamba zile mbegu zilikuwa uongo.

Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunamtania pale benchini, tunamwambia alikaa juu ya dungu kwa ubahili wa mbegu, na yeye anacheka na sisi. Redio aliinamisha kichwa, akawa anachezea funguo za pikipiki.

Mwanamina alikuwa anamtazama mumewe kwa mshangao.

— Mbegu? akasema. Mbegu zilikuwa zimelowa tangu juzi yake. Tulizimwaga pamoja, mimi na wewe.

— Ehee.

— Unadhani sikujua? Ulipotamka mbegu tu nilijua. Nililia ndani ya mtumbwi mpaka ng'ambo. Mwanasiti shahidi. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani hutaki lisemwe.

— Ulijua?

— Nimekuoa miaka ishirini na sita, nisijue unapodanganya?

— Mimi ndiye niliyekuoa, akasema Twalibu, na midomo ikaanza kumcheza.

— Haya basi, tumeoana.

Wakacheka. Kwanza yeye, halafu Twalibu, kile kicheko chake kikubwa ambacho sindano haijakipunguza hata robo. Mwanamina alifuta macho kwa pindo la khanga, akachukua kiboksi, akakikumbatia.

— Sindano ni lini?

— Ijumaa.

— Kuanzia sasa nachoma mimi. Na huyo daktari Jumamosi nitaongea naye. Nataka kumuuliza mambo ya magoti.

— Sawa.

— Magoti yenyewe yakoje?

Twalibu alishika ukingo wa benchi, akateremka taratibu, goti moja, halafu la pili, akachuchumaa pale kwenye vumbi. Tulisikia mifupa ikilia. Uso ulikunjamana, lakini alishuka mpaka chini, akabaki huko anapumua, anamtazama mkewe kutoka chini kama kijana. Profesa, mtu asiyekosa neno, alisema “mashaallah” mara tatu, basi. Kisha tukamnyanyua wote wanne, maana kupanda bado hajaweza.

— Sasa sikilizeni, akasema Mwanamina akitugeukia, na wote tukarudi nyuma hatua moja. Nimepika leo. Wali sufuria zima na kitoga watatu. Huyu atakula vijiko vyake viwili. Kilichobaki mtakila nyie, waongo wakubwa. Na kila mtu atamaliza sahani yake.

Ilikuwa adhabu nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilifunga kibanda. Iddy aliliacha birika kwa Salama. Tukaandamana: mbele Mwanamina na kiboksi chake kifuani, ubavuni kwake Twalibu anatembea bila kuhema, nyuma Profesa, Redio akiisukuma pikipiki yake, Iddy na mimi. Salama alitupungia mkono, bado anakohoa.

Tulipofika penye kona, msafiri mmoja aliyekuwa anasubiri gari la Mloka alisimama, akavua kofia kwa adabu, akatuangalia jinsi tulivyopanga mstari.

— Samahani, ndugu zangu. Hapa kuna harusi, au kuna msiba?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Profesa alinitazama mimi, mimi nikamtazama Iddy.

— Njoo ule, akasema Mwanamina bila kugeuka.