Kaskazini Haiko Mlimani

Kaeni, wanangu. Ebenezeri, wewe uliyenifungulia uzazi, kaa hapo kwenye kigoda, na wewe Filemon, kitindamimba wangu, toka huko ukutani uje ukae karibu na kaka yako. Najua hamjapeana mkono tangu masika, lakini leo mtakaa pamoja mtake msitake, kwa sababu sina tena pumzi ya kusema jambo moja mara mbili. Nimesema mambo mara mbili, mara tatu, mara kumi, kwa miaka ishirini na mitano mbele ya ubao, na faida yake naiona leo humu ndani. Yuditha, binti yangu, weka chini hilo bakuli la mtori, nitakunywa baadaye. Na huyu bwana aliyekaa mlangoni na kofia yake magotini, aliyefika asubuhi kwa lori la kahawa kutoka Useri kule Rombo, anaitwa Elisaria. Alikuwa mwanafunzi wangu. Nimemwita mimi, na yaliyo kati yangu na yeye yanawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Ebenezeri, itoe ile karatasi. Iko kwenye mfuko wa koti, usijisumbue kupapasa, najua hulali bila hiyo. Itandike hapa kitandani. Hii ni ramani ya kihamba chetu, shamba hili la ukoo, niliyoichora mwaka jana mwezi wa kumi, homa hii iliponianza, nikaipeleka kwa karani wa baraza la Mangi, chifu wetu, ili nikifa msigombane. Msigombane! Niliandika kwa mkono wangu kwamba mpaka uanzie kwenye mringaringa wa chini, uende kaskazini moja kwa moja hadi mfereji wa juu, na ukisimama kwenye mti ule ukatazama juu, kushoto pawe pa Ebenezeri na kulia pawe pa Filemon. Baada ya masika karani akaja na dira, akafanya kazi yake kwa uaminifu, akapiga vigingi kama nilivyoandika. Vigingi vikapita kule ng'ambo ya zizi, na nyumba hii, na migomba aliyoipanda mama yenu, na kaburi la mama yenu Eunike, vyote vikaangukia kwa Ebenezeri. Hata kitanda hiki ninachofia, kwa dira ya karani, kiko kwa Ebenezeri. Filemon, ambaye kwa desturi yetu ndiye wa kubaki na nyumba ya wazazi, akapewa ule mteremko wa korongoni ambako hata mbuzi anashuka kwa kufikiri.

Mkaja kwangu kila mmoja kwa wakati wake. Ebenezeri ukaniambia mkono ni wa baba, karatasi ni ya baba, basi na neno ni la baba. Filemon, wewe ulisimama pale mlangoni ukaniuliza, "Baba, nilikukosea nini?" Nikawajibu wote wawili kwamba naumwa, niacheni. Mkaniacha. Mmoja akang'oa vigingi, mwingine akakata migomba ya mwenzake ikiwa na mikungu michanga, na mimi nikawa nasikia panga hapa hapa kitandani, nikajigeuzia ukutani.

Sasa sikieni. Filemon, hukunikosea kitu. Nilikosea mimi. Nilikusudia mpaka upande moja kwa moja kuelekea mlimani, kama babu yenu alivyokuwa akionyesha kwa fimbo, na nyumba hii ibaki kwako. Nilichora mlima upande wa juu wa karatasi kama anavyochora kila mtu wa nchi hii, halafu mkono ukaweka mshale wa kaskazini ukielekea mlimani, halafu nikaandika kaskazini. Na hapa Mwika, wanangu, mlima hauko kaskazini. Uko kati ya kaskazini na magharibi. Karani aliifuata kaskazini ya kweli, mimi nilikuwa naufuata mlima, na katikati ya hizo njia mbili ndipo ilipo nyumba ya mama yenu. Kinachonichoma zaidi ni kwamba mmekulia katika nyumba ya mwalimu wa jiografia, mmegombea karatasi hii miezi mitano, na hakuna hata mmoja wenu aliyetoka uani akatazama jua linachomozea wapi!

Lakini niwagombeze nini, na mimi ndiye niliyeieneza ile kasoro. Waingereza walipotaka walimu wa kufundisha wakubwa, nilipelekwa katika chuo cha walimu kule juu ya mji wa Moshi. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wengine wana ndevu na watoto, na nilitakiwa kuwapa misingi: pande nne za dunia, ramani, vipimo, mito na mvua, ili wachache wao waende Makerere na waliobaki wakafundishe shule za vilimani. Pale chuoni, Kibo, kilele cha mlima wetu, iko kaskazini kabisa, kwa hiyo nikajitungia kanuni yangu ya mkato. Siku ya kwanza nawatoa nje, nawaambia, geukeni mlimani. Mbele yako kaskazini, mgongoni kusini, mkono wa kulia mashariki. Wanaipenda, wanaiandika, wanaiimba. Nikajiona nimeivumbua jiografia.

Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne akanyoosha mkono kijana mmoja kutoka Useri. Akasema, "Samahani Mwalimu, kwetu jua linazama nyuma ya Kibo. Je, kwetu jua linazamia kaskazini?" Darasa likacheka, wakamcheka yeye. Nami, badala ya kufikiri, nikaona ananivunjia heshima mbele ya mkaguzi Mzungu aliyekuja siku ile. Nikamwambia ni mjeuri, nikamsimamisha uani ametazama mlima mpaka chakula cha mchana, au mpaka akubali kwamba pale ni kaskazini. Alisimama. Hakukubali. Mwisho wa mwaka nikaandika kwenye taarifa yake kwamba hana akili ya jiografia na hafai kusomeshwa zaidi, na jina lake likatolewa kati ya waliotakiwa kwenda Makerere. Akaenda kushika mnyororo wa wapimaji wa barabara, akatembea nchi nzima kwenye majani na miiba, akawapimia wengine. Ndiye huyo mlangoni.

Baada ya miaka miwili nikaalikwa harusi Useri. Nimeshika sahani ya nyama, jioni jioni hivi, watu wanaimba, nikainua macho nikaona jua linashuka nyuma ya Kibo, taratibu, palepale aliposema. Nikaiweka sahani chini. Sikula tena siku ile. Niliporudi chuoni niliifuta ile kanuni, nikaanza kufundisha kwa jua na kivuli, lakini Elisaria sikumtafuta. Nilikuwa najiambia nitakwenda likizo hii, nitakwenda likizo ijayo, na likizo zimekwisha.

Na kuifuta kanuni ubaoni si kuifuta vichwani. Miaka yote iliyobaki nilipigana nayo na ikanishinda. Nawauliza watu wazima kaskazini ni wapi, wananiambia ni juu. Nikateremsha ramani ukutani nikaitandika sakafuni ili juu isiwepo, wakazunguka wote wakasimama upande ambao mlima unawakabili. Mmoja, tena ndiye aliyekuwa akiongoza darasa, alikataa kabisa kwamba mto Nile unakwenda Misri. Akaniuliza maji yatapandaje mpaka kaskazini. Nilipiga meza mpaka kiganja kikavimba. Nilirudi nyumbani nimekasirika kila siku, Eunike akinipokea mfuko ananiuliza, leo tena mlima? Namjibu, leo tena mlima. Halafu nikaugua, nikashika kalamu kuwagawia wanangu ardhi, na mkono huu huu ukafanya lile lile nililowatukania wenzangu.

Na liko baya kuliko hilo. Niliijua kasoro siku ile ile karani alipopiga kigingi cha pili. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti uani, nikaona mstari unavyojikunja kwenda zizini, nikaelewa. Ningesema neno moja tu. Lakini karani yule nilimfundisha mimi, na majirani walikuwa wamejaa, nami nikaona aibu, mwalimu mzima wa jiografia. Nikaona afadhali wanangu wadhani baba yao ana upendeleo kuliko watu waseme hajui kaskazini. Ebenezeri, inua uso. Hukuiba kitu, ulipewa karatasi ya uongo. Filemon, miezi mitano umelala ukidhani baba hakutaki, na dawa yake nilikuwa nayo mdomoni. Nisameheni. Msiseme chochote sasa, nisameheni tu.

Yuditha, nipe jani lile la sale ulilolikata asubuhi. Elisaria, sogea. Wanangu, mnajua sale kwetu Wachagga. Anayekuletea sale amekuja kuomba radhi, na huwezi kumfukuza. Nimechelewa miaka ishirini, bwana. Ulikuwa sahihi. Nilikusimamisha juani kwa sababu ulikuwa sahihi. Lipokee... Asante. Asante, mwanangu. Usilie, utaniliza na mimi, na pumzi ni chache.

Maagizo yangu ni haya. Kesho asubuhi simikeni fimbo uani, pale penye usawa. Ebenezeri ashike fimbo, Filemon aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Mchana ukigeuka, kivuli kikifika urefu ule ule upande wa pili, weka jiwe jingine. Mstari kati ya mawe mawili ndio mashariki na magharibi, na hapo kaskazini itajionyesha yenyewe. Fimbo moja haishikwi na kutiwa alama na mtu mmoja, kwa hiyo mtafanya pamoja au hamtafanya. Chukueni karatasi mpya, wekeni mshale panapostahili, mwandike kwamba mpaka unakwenda kati ya kaskazini na magharibi, na Elisaria asimamie na atie sahihi, maana humu ndani ni yeye peke yake ambaye hajawahi kuikosea. Vigingi vilivyobaki ving'olewe vyote. Pandeni masale yawe alama ya mpaka hadi mfereji wa juu. Migomba iliyokatwa, aliyekata apande, tena kwa mikono yake, asitume mtu. Yuditha, vitabu vyangu na tufe la dunia ni vyako, wewe unayefundisha watoto. Watoe nje wakiwa wadogo, kabla mlima haujawaingia kichwani.

Mimi nizikeni karibu na Eunike, uso kuelekea Kibo kama walivyolazwa baba zangu. Naupenda mlima ule, msidhani siupendi. Lakini mtu asisimame kaburini akasema Mwalimu amelala akitazama kaskazini. Nitatoka nimsahihishe.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Njooni karibu, sioni vizuri. Mungu wa baba zangu awape mvua kwa majira yake, awape watoto wanaouliza, na mkiulizwa msijifanye mnajua. Baraka yangu ni moja, sikuigawa, iko juu yenu wote watatu, na juu yako pia, Elisaria.

Bado swali moja. La mwisho. Ebenezeri, Filemon, nionyesheni kaskazini. Msiseme, nyosheni mkono tu... Ebenezeri, mkono umeanza kwenda mlimani, nakuona... Ndiyo. Ngoja kwanza. Filemon, mbona unamgeuza kaka yako bega? Unamwonyesha nini, dirisha?... Jua. Mnatafuta jua. Mmeshikana hivyo, wote wawili, mnatafuta jua. Haya... chukueni muda wenu. Mwalimu anasubiri.