Ña Epi, Mkuu Aliyeezua Paa la Shule Yake

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mingi kati ya hiyo akiwa Mwalimu Mkuu, Bi Epifania Cabañas wa Shule ya Mtakatifu Blas, hapa Bañado, mtaa wetu wa bondeni kando ya mto, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe sita Machi. Wageni wetu wa mstari wa mbele wanajua kwamba alitarajiwa kustaafu Desemba. Keki ilikuwa imeshaagizwa. Kwa nini hakustaafu Desemba ni habari tutakayoifikia, na tutaieleza bila kumung'unya maneno, kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kumung'unya neno mbele yetu.

Aliteremka Bañado akiwa msichana aliyetoka chuo cha ualimu juzi, amevaa viatu vyeupe. Pa'i Celso, padri aliyeianzisha shule hii kwa sadaka za waumini na ukaidi wake mwenyewe, alimwonyesha darasa: mabenchi yaliyokataliwa na kanisa la mjini, ubao uliopasuka, na watoto waliokuja moja kwa moja kutoka jaani kuokota chupa na makaratasi.

"Mshahara upo, Pa'i?" binti akauliza.

"Upo, mbinguni. Huku chini kuna mchuzi wa kuku kila mchana, kuku akipatikana."

Viatu vile havikumaliza wiki. Binti alibaki, na tangu siku hiyo hapa Bañado hakuna aliyemwita Epifania. Wote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Ña Epi, kwa heshima anayostahili mwanamke mtu mzima, ingawa alipoanza kuitwa hivyo hakuwa mtu mzima hata kidogo.

Kwa Ña Epi, hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare au ada. Waliorudishwa ni wazazi. Karai Ceferino, bwana mwenye mkokoteni wa farasi, alikuwa akimzuia bintiye Nidia asije shule ili amsaidie kupakia taka, siku tatu kwa wiki, wakati mwingine wiki nzima. Asubuhi moja Ña Epi alisimama katikati ya njia, akamshika farasi hatamu.

"Karai Ceferino, Jumapili huyu farasi unampumzisha?"

"Nampumzisha, Ña Epi. Amezeeka, maskini."

"Basi kesho mlete yeye darasani, mtoto akavute mkokoteni. Angalau mmoja nyumbani kwako atajua kusoma."

Mtaa mzima ulicheka, na Karai Ceferino alicheka kwa kuchelewa kidogo. Kesho yake Nidia alikuwa benchi la mbele. Leo ndiye mwalimu wetu wa darasa la kwanza, na baba yake ndiye aliyewaleta nusu ya wageni wa leo, kwa mkokoteni uleule, bure.

Wako wanaodhani shule ya sadaka ni mahali pa kuonewa huruma. Ña Epi hakuwahi kulikubali hilo. Mwaka mmoja wafadhili walikuja kutoka ng'ambo na kamera zao, wakataka kuwapiga picha watoto waliokuwa wakicheza peku kwenye tope. Aliwaomba wasubiri. Aliwaita watoto wote, wakanawa, wakachanwa nywele, wakavaa viatu, wengine kwa kuazimana. Wageni walisubiri juani wakinywa tereré, chai yetu ya majani iliyotiwa barafu, hadi barafu ikaisha. "Sasa pigeni," akawaambia. "Tope mtalikuta hapa hata kesho, ila hawa wana majina." Msaada haukukatika. Picha ile ingali ofisini, na kila mtoto ndani yake amesimama kama jenerali.

Lakini jambo linalotajwa kwanza akitajwa Ña Epi ni lile la mwaka wa mafuriko makubwa.

Mto ukipanda, sisi watu wa Bañado hatuhami hivihivi. Tunaibomoa nyumba. Mbao, mlango, mabati, vyote vinapandishwa mjini na kuunganishwa upya kwenye viwanja vya umma, mpaka maji yashuke nasi tushuke nayo. Mwaka ule mto haukutupa nafasi. Maji yalikuja kwa haraka yakabeba mabati ya watu, na familia zikajikuta juu mjini, kwenye uwanja ulio mbele ya majumba ya wakubwa, mvua inawanyeshea na vichanga mikononi. Shule yetu imejengwa kwenye mwinuko, kwa hiyo maji yalifika kizingitini yakasimama. Kamati ya Udhamini, ambayo ndiyo inayoshika mali za shule, ilituma agizo: fungeni milango, lindeni majengo.

Ña Epi alisoma agizo lile, akalikunja, akaazima ngazi. Alipanda mwenyewe, na sketi yake, akaanza kung'oa misumari.

"Ña Epi, shuka! Hayo mabati ni mali ya Kanisa!" mmoja wetu alipaza sauti kutoka chini.

"Na hawa wanaolowa kule juu ni mali ya nani? Nipe hiyo nyundo, usinisimamie hapo kama nguzo."

Tukampa nyundo. Mwishowe tulipanda sote. Paa la shule nzima lilisafirishwa kwa mitumbwi na mikokoteni, na kila familia ikapewa mabati kwa sharti moja: anayelala chini ya bati la shule, asubuhi atoe nafasi kwa watoto wa shule. Hivyo darasa la pili likasoma kwenye kibanda cha Ña Sixta, mfua nguo, na kamba za nguo zikawa kama pazia. Darasa la tatu lilisoma kwa muuza chipa, mikate yetu ya jibini, ambapo mwandishi wa maneno haya alifundisha mgawanyo kwa mikate ya moto, na baki ya kila hesabu ililiwa. Sala ya asubuhi ilisaliwa kwa sauti kubwa makusudi, ili majumba ya jirani yajue kwamba uwanjani kuna Wakristo wenzao.

Mkaguzi wa elimu akaja. Alikuwa ameanzia chini, akakuta kuta zisizo na paa, akapanda uwanjani akiwa na kalamu mkononi tayari kuandika kwamba Shule ya Mtakatifu Blas haipo tena.

"Mama, hii si shule. Hii ni kambi."

"Sawa. Muulize yule wa mbele, saba mara nane. Akikosa, andika kambi."

Yule wa mbele alikuwa mtoto wa Ña Sixta, mwenye makamasi siku zote. Alivuta makamasi, akasema hamsini na sita. Mkaguzi akauliza na wengine. Kusema kweli kuna aliyekosa, tena vibaya, akasema saba mara tisa ni tisini, lakini kufikia hapo mkaguzi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Ña Sixta na kikombe cha chai ya moto ya yerba kilikuwa kinazunguka. Aliandika shule. Alipokuwa anaondoka alimwambia Ña Epi kwamba kwa maisha yake yote hajaona ukaidi wa namna hii kwa mwanamke, naye akamjibu kwamba hajatembea.

Maji yaliposhuka, kila mtu alirudisha mabati. Na hapo likatokea kosa ambalo, tunavyoamini, lisingeweza kutokea kwingine popote. Baada ya miezi yote ile ya kubomoa na kuunganisha, watu hawakujua tena lipi ni bati la shule na lipi ni lao waliloliokota au kulinunua. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kulala chini ya bati la kumwibia Mtakatifu Blas, ambaye ndiye anayetulinda makoo, kila mwenye shaka alirudisha. Na wote walikuwa na shaka. Tulipomaliza kuezeka, uwanja wetu ulikuwa bado umejaa mabati. Ña Epi alizunguka nyumba kwa nyumba akifoka.

"Ceferino, njoo uchukue mabati yako! Unalala nje na wanao!"

"Si yangu, Ña Epi. Usinitafutie kukabwa na mwiba wa samaki uzeeni."

Hakuna aliyekuja. Basi aliwafanyia ujanja: mwenye paa alitoa siku ya kazi, asiye na paa akaezekewa na wenzake, na mabati yaliyosalia baada ya hapo ndiyo yaliyojenga jiko letu. Agizo la kufunga milango lilikuwa limeongeza jengo.

Tuje sasa kwenye habari ya Desemba.

Mwaka jana Kamati ya Udhamini iliamua kuihamishia shule juu mjini, kwenye kiwanja kizuri, mtaa mzuri, mwendo wa mabasi mawili kutoka hapa, na ada "ndogo tu". Walisema barabara mpya itapita kando ya mto na Bañado itaondolewa, leo au kesho, kwa hiyo haina haja ya shule. Sisi tulisikia vinginevyo. Mtaa usio na shule ni rahisi zaidi kuuondoa. Mwenyekiti, Don Augusto Peralta, ambaye tunamsalimu pale alipokaa na ambaye hajawahi kututolea lugha mbaya, alikuja kumweleza Ña Epi mwenyewe, mbele ya walimu wote.

"Watoto hawataachwa, Ña Epi. Watachukuliwa na basi."

"Basi la nani?"

"Tutaliangalia hilo."

"Don Augusto, mmekuwa mkiangalia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Umefanya kazi kubwa, mama. Desemba unapumzika. Acha na shule ipumzike."

Sisi tunaomjua tuliogopa, maana Ña Epi akinyamaza ujue kuna mtu atakosa usingizi.

Kanuni ya shule, ambayo Kamati yenyewe iliipitisha enzi za Pa'i Celso, inasema shule haihamishwi mwaka wa masomo ukishafunguliwa. Inasema pia mkuu anayeondoka katikati ya mwaka humteua mwalimu wa kukaimu hadi mwaka uishe. Kwa hiyo Desemba ilikuwa na maana yake. Mkuu akiondoka Desemba, Januari hakuna wa kuandikisha watoto, na Februari hakuna wa kufungua. Don Augusto aliagiza keki. Ña Epi aliomba miezi mitatu zaidi, akasema magoti yamepata nafuu, akakubaliwa.

Huo ulikuwa uongo, na tunaamini Mungu ameshausamehe. Magoti yalikuwa yameharibika kabisa. Daktari alishamkataza ngazi na jua. Dada yake kule Areguá alikuwa ameshampakia chumba rangi, karibu na ziwa, na alikuwa anamngoja. Ña Epi alitumia Januari yote, joto ambalo hata mbwa hawatoki kivulini, akitembea na fimbo mlango kwa mlango kuandikisha. Walioacha shule alienda kuwatafuta jaani. Wazazi waliokuwa wameshakata tamaa, wakisema kwani shule si inafungwa, aliwajibu jibu moja tu: "Imefungwa na nani? Mimi nimesimama wapi hapa?"

Siku ya kufungua, mabenchi hayakutosha. Watoto walikaa wanne wanne, wengine madirishani. Don Augusto alikuja kutazama, akasimama mlangoni amevua kofia.

"Karibu, Don Augusto," Ña Epi akamwambia. "Ukipata pa kukaa, kaa."

Hakupata. Tunamshukuru kwa dhati kwamba leo amekuja tena, na keki ameileta.

Ndugu wageni, hasa ninyi wa Kamati, mwaka umefunguliwa, na kwa kanuni mliyoipitisha haufungiki hadi Novemba. Kaimu Mkuu aliyeteuliwa ni mwandishi wa maneno haya, ambaye hana kimo cha Ña Epi wala sauti yake, lakini amekaa miaka kumi na tisa darasani jirani naye na kuta zetu ni nyembamba. Tunajua mtarudi Desemba. Rudini. Januari na sisi tuna miguu.

Ña Epi, hatujui kukushukuru kwa ustadi. Umetufundisha kazi, umetugombeza tulipostahili na mara chache tusipostahili, umelia nasi misibani na umetuozesha. Walimu tumekaa wiki nzima tukiahidiana kwamba hakuna atakayelia leo, na mwandishi huyu ameshavunja ahadi akiwa bado anaandika. Nenda Areguá. Kaa na dada yako kivulini, mnywe tereré mpaka mchoke, na mtu akija kukuitia shida ya shule mfukuze, hata akiwa ni mimi. Mungu akujalie miaka mingi ya kutofanya lolote, maana hujawahi kuionja hata mmoja. Tukumbuke katika sala, lakini usituombee upole.

Wageni wetu, chakula kiko tayari, na keki itakatwa baada ya sala. Kuleni mshibe. Ila tuelewane: leo tunamuaga mtu mmoja tu. Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, tunaingia darasani.

Zunilda Riveros
Mwalimu wa darasa la tatu na Kaimu Mkuu