Loishiye Lekishon Lukumay, Dereva Aliyekaguliwa Tumbo

Wazee wetu shikamooni. Mchungaji, ndugu, majirani na madereva wote mliopanda mpaka huku Sambasha leo Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, familia inasema asanteni. Wasifu huu umeandikwa na familia, sehemu kubwa kwa maneno ya mjane, Mama Lucky, na unasomwa na Solomoni, mdogo wa marehemu. Kabla karatasi hizi hazijaenda kuchapwa, alikuja mtu pale msibani Moshono akiwa na ombi. Ndugu Ludovick, meneja wa kampuni ambayo marehemu alikuwa akiendesha lori lake, aliomba wasifu uwe mfupi, useme tu kwamba marehemu "aliugua ghafla". Tulimpa chai akanywa. Wasifu wenyewe ni huu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa hapa Sambasha, mtoto wa tatu wa Mzee Lekishon Lukumay, ambaye alitangulia mwaka 2009, na Bibi Namnyaki, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele. Bibi anakumbuka kuwa ulikuwa wakati wa baridi ile yetu ya mlimani, Meru haionekani wiki nzima, na mtoto alitoka mkubwa mpaka mkunga akacheka. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huo katika usharika huu wa Kilutheri ambao leo unamzika.

Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1983 na kumaliza darasa la saba mwaka 1989. Nafasi ya sekondari hakuipata, wala hakuwahi kuona haya kusema hivyo. Mchana alichunga ng'ombe wa baba yake, na waliochunga naye wanasema hakuwahi kuchunga kama watu wengine. Fimbo ilikuwa gia na mdomo ulikuwa injini. Dume la mbele alilipa jina Skania, na likikaidi kupanda kilima alilibembeleza, "Haya Skania, weka namba moja, polepole." Mzee Lekishon alikuwa akimsikia kutoka mbali anatikisa kichwa, huku anacheka.

Mwaka 1992 alishuka mjini akapakia magunia. Baadaye akawa utingo, akajifunza gari chini ya mafundi na madereva wenye makelele, na mwaka 1998 akapata leseni yake. Mwaka 2001 aliajiriwa na Mzee Shantilal, mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa na malori manne. Huko ndiko alikojulikana kwa tabia yake moja, kwamba hakurudisha gari nyuma hata hatua moja bila kushuka kwanza na kulizunguka lote kwa miguu. Wenzake walimtania sana. Walisema hata akipewa toroli atalizunguka.

Tarehe 21 Desemba 2002 alifunga ndoa na Nalepo, binti wa Oldonyosambu. Wakweze wanakumbuka siku alipokwenda mara ya kwanza, na lori la Mzee Shantilal likiwa tupu nyuma. Alipotaka kugeuza pale bomani alishuka, akazunguka, akapanda, akashuka tena akazunguka, maana mbuzi mmoja alikuwa amesogea. Mama mkwe akauliza, "Huyu kijana amedondosha nini?" Nalepo akajibu, "Mama, huyo ndiye." Walipanga Sekei miaka kadhaa, kisha wakajenga Moshono. Mungu aliwapa watoto watatu, Lucky, Ezra na Joyce.

Mwaka 2011 marehemu alianza kukonda, akinywa maji kama shamba lililokauka. Dereva akikonda mnajua watu wanasema nini. Walisema. Alipimwa, ikaonekana ni kisukari. Alianza na vidonge, na mwaka 2013 daktari akamwambia vidonge havitoshi tena, sasa ni sindano ya insulini kila siku. Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Shantilal.

"Shikamoo mzee. Nimeleta funguo."

"Marahaba. Funguo za nini? Gari imekufa?"

"Gari nzima, mzee. Mimi ndiyo nimeharibika. Naanza sindano ya sukari."

Kabla mzee hajajibu, mkewe, Mama Pushpa, alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Loishiye, mimi nachoma sindano hiyo miaka mingi, asubuhi na jioni. Umewahi kuona nimeunguza nyumba? Rudisha funguo mfukoni, ukae ule."

Mzee Shantilal hakuishia kwenye huruma. Alikwenda na marehemu kwa daktari, akauliza kwa kinywa chake, "Huyu anaweza kuendesha au hawezi? Usinifiche." Daktari akasema anaweza, kwa masharti. Apime sukari kabla ya kuwasha gari. Ale kwa wakati. Awe na glukosi au soda kabini, na akijisikia vibaya aegeshe, hata mzigo uwe wa nani. Mama Pushpa alimpa chupa ya chai yenye mdomo mpana ya kutunzia dawa na maji baridi. Sindano alichoma tumboni, maana paja alisema linamuuma akikanyaga klachi. Hivyo ndivyo alivyoendesha, mchana kweupe, kila mtu pale yadi akijua. Akichelewa kula, Mzee Shantilal mwenyewe alimpigia simu kumgombeza. Katika miaka yote hiyo hakugonga hata kuku. Wanaosema mtu wa insulini hafai kushika usukani waje watuonyeshe kuku huyo.

Mzee Shantilal aliuza malori mwaka 2022 kwa sababu ya uzee, na mwaka uliofuata akafariki. Malori na madereva wakaenda kwa kampuni mpya. Wiki ya kwanza tu, dereva mwenza wa marehemu, Ndugu Dismasi, naye mtu wa insulini, alikwenda kwa meneja akaeleza hali yake kwa uungwana, kama alivyozoea kwa bosi wa zamani. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyempima, wala hakuna daktari aliyeulizwa. Ndugu Dismasi yupo hapa, amesimama pale kwenye migomba. Marehemu aliliona jambo hilo, akaificha hali yake. Kuanzia hapo mtu mzima, mzee wa kanisa, akawa anajifungia chooni kuchoma dawa yake kama mwizi. Chupa ya Mama Pushpa akaifunga ndani ya sweta. Kupima akapima kwa wizi, na kula akala kwa wizi, ili wasimwulize mbona huyu anakula kila saa.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo tuliombwa tuiruke.

Mwezi Februari mwaka huu kampuni ilitangaza ukaguzi wa afya kwa madereva. Kumbe ukaguzi wenyewe ni kupanga foleni wanaume wazima, baba za watu, wengine wana wajukuu, na kuwaambia wainue mashati. Wanatafuta alama za sindano. Wanaangalia tumbo, wanaangalia mikono, na madereva wanaambiwa washushe suruali waangaliwe mapaja. Kama mbuzi mnadani! Na kinachochefua zaidi ni kwamba kipimo cha sukari hawakuwa nacho. Hawakutaka kujua nani mgonjwa na nani mzima. Walitaka kujua nani anajitibu.

Marehemu alikuwa na alama nyingi tumboni, na vivimbe, kwa sababu ya miaka ya kuchoma mahali pale pale. Alipolisikia tangazo alianza kupunguza dawa, kisha akaiacha kabisa, ili ngozi ipate kupona. Mama Lucky anasema waligombana kuliko walivyowahi kugombana tangu waoane.

"Baba Lucky, choma dawa."

"Nikichoma wataona. Wakiona, yamenikuta ya Dismasi."

"Si utafute kazi nyingine?"

"Mimi najua kazi gani nyingine, Mama Lucky? Na Joyce bado mdogo vile. Ngoja ukaguzi upite, nitachoma jioni yake."

"Na ukifa kabla ya hiyo jioni?"

"Usiseme hivyo. Ni siku chache tu."

Alianza tena kunywa maji usiku na mchana. Mdomo ulimkauka. Alitapika, akasema ni maharage. Mama Lucky alimwita Mama Pushpa ili wamseme pamoja. Mama Pushpa, na umri wake, akapanda bajaji mpaka Moshono. Marehemu alimwamkia, akamtengea kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, wewe na mzee mlinilea vibaya. Mlinizoesha kusema kweli."

Tarehe 28 Februari 2025, siku ya Ijumaa, Loishiye Lekishon Lukumay aliinua shati. Akafaulu. Meneja alimpiga begani mbele ya wenzake akasema, "Huyu ndiye dereva, tumbo safi." Madereva waliokuwepo wamekuja kutusimulia wenyewe. Angepimwa kidole kimoja tu siku ile, mashine ingewapigia kelele.

Jioni hiyo alichoma kama alivyoahidi, safari hii pajani ili tumbo libaki safi, na asubuhi akachoma tena. Lakini mwili ulikuwa umeshachoka, na badala ya kwenda hospitali alikubali safari, kwa sababu aliyetoka kuitwa mzima hawezi kesho yake kuomba ruhusa ya kuumwa. Alipakia saruji ya Singida, akaondoka Jumanne tarehe 4 Machi. Baada ya Minjingu macho yalianza kuingia ukungu. Alifanya alichofundishwa na daktari wa Mzee Shantilal. Aliegesha nje kabisa ya lami, akawasha taa za dharura, akaweka mawe kwenye magurudumu, akakata matawi akayatandaza mbele na nyuma ili asije mtu akamgonga. Waliomkuta wanasema nyayo zake zilionekana vumbini, zimelizunguka lori lote. Kisha akampigia mkewe. "Mama Lucky, sioni vizuri. Usiogope, nimeegesha." Madereva wawili wa malori mengine walimbeba hadi hospitali Babati. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba mashine ilishindwa kuisoma. Madaktari walipigana usiku na mchana, tunawashukuru kwa moyo wote. Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Machi 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Saa hiyo hiyo, mjane akiwa bado kwenye korido na khanga mdomoni, simu iliita. Alikuwa Ndugu Ludovick.

"Pole sana mama. Poleni sana. Samahani, funguo za gari ziko wapi? Mzigo unasubiriwa."

Funguo zilikuwa mfukoni mwa suruali ya marehemu. Mama Lucky alizitoa mwenyewe. Kampuni ilituma gari kuzifuata siku hiyo hiyo, na gari hilo lilirudi Arusha likiwa na viti vitupu bila hata kumuuliza mjane anarudije. Hata haya hawana. Mzee Shantilal, aliyeletewa funguo zikakataliwa nyumbani kwake, alikuwa mfanyabiashara wa magunia. Huyu aliyezitafuta kwenye maiti ana ofisi yenye kiyoyozi.

Mama Lucky alimvika mumewe nguo kwa mikono yake pale mochwari. Alitaka tuseme hili kama lilivyo. Alipofunga vifungo vya shati aliliangalia tumbo. Alama zote zilikuwa zimepona.

Marehemu ameacha mama yake, Bibi Namnyaki, mjane, Nalepo, watoto watatu, Lucky, Ezra na Joyce, ndugu wanne na wajomba, shangazi na marafiki wengi. Ameacha pia Mama Pushpa, aliyekaa na familia tangu siku ya kwanza ya msiba, na ambaye leo asubuhi amechoma sindano yake sebuleni mbele ya wazee wa kanisa, akasema asiyependa ageuze uso. Shada lililoletwa na kampuni, lenye utepe wa "Dereva Wetu Hodari", limebaki kwenye gari lililolileta. Familia haitaliweka kaburini.

Tangu Jumamosi wamekuja Moshono madereva watano, mmoja mmoja, kila mmoja akimvuta Mama Lucky pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa akitunza wapi dawa yake. Kwa hiyo chupa ya Mama Pushpa ipo pale mezani kando ya picha. Mama Pushpa ameleta na nyingine nne. Mjane anawaomba, na ndilo neno lake la mwisho kwenu: msizifuate gizani. Tukishamaliza udongo mje mzichukue hapa, mbele ya mchungaji, mbele ya watu, na mbele ya Ndugu Ludovick, aliyekuja na shada na bado yupo. Mkichukua pamoja atawafukuza wangapi?

Sasa tunamlaza Baba Lucky kwenye ardhi ya baba yake, huku Skania alikokuwa akipanda kilima. Pumzika, ndugu yetu. Umeegesha vizuri, na huko uliko hakuna atakayekuambia inua shati.